Amortisere ngumu haishiki barabara

Mu garaji za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna neno moja lenye kuuza kuliko bei: "ngumu". Papa, kamata hizi, ziko ngumu, zitashika barabara. Na kisha hizo kunakuja zingine za bei kali zaidi, zile zenye kifungo cha kuzungusha: unafunga, zinakuwa ngumu, unafungua, zinakuwa laini. Mufanyakazi anatoa franga za jasho lake, wanamufungia, na juma la kwanza anafurahi juu motokari haiyumbi tena mu kona. Sisi tunasema wazi: ile furaha inamudanganya.

Amortisere haibebi motokari. Uzito unabebwa na resori. Gurudumu likipanda jiwe, resori inajikunja, kisha inarudi kwa nguvu, na kama hakuna kitu cha kuituliza motokari itaendelea kuruka kama mutoto ku kitanda. Kutuliza, njo kazi ya amortisere. Ndani kuna pistoni yenye kusukuma mafuta yapite mu matundu madogo, na nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Kwa hiyo kisha safari ya barabara mbaya ukiigusa (polepole, inaweza kuunguza) utaikuta ya moto. Ukikuta moja ya mbele iko baridi na mwenzake iko moto, ile ya baridi haifanyi kazi tena.

Wauzaji hawasemi kwamba kazi yake iko mbili. Mwili wa motokari unapanda na kushuka polepole, mara 1 ao 2 kwa segonde. Gurudumu lenyewe linatetemeka mbio, mara 10 na kupita kwa segonde, zaidi sana mu barabara ya udongo yenye mikunjo sawa manjanja ya nyumba. Amortisere ngumu inakamata mwili vizuri mu kona, hiyo ni kweli. Lakini mu ile mikunjo, kama inazuia sana wakati wa kurudi, gurudumu halipati nafasi ya kushuka mbele mukunjo mwingine haujafika. Linabaki juu. Na gurudumu lenye kuwa hewani halipigi freni wala haligeuzi kitu. Shofere anasikia usukani umekaza, anaongeza mwendo, kumbe motokari inaelea.

Na kifungo? Watu wengi wanafikiri kinarekebisha kila kitu. Koni ya Uholanzi, yenye jina kubwa kwa mambo haya, amortisere zake nyingi zinarekebishwa kwa upande mumoja tu, ule wa kurudi. Na kuna zingine zinaomba kuzifungua kabisa ku motokari, kuzikandamiza hadi chini, njo kuzizungusha. Bilstein, ya Ujerumani, inauza zingine bila kifungo hata kimoja, na watu wanazilipa bei kubwa. Kifungo kinakupa uchaguzi. Hakikupi amortisere nzuri kama ile ya ndani ni mbaya.

Zaidi ya yote, kifungo hakiinui motokari. Tunaona Hiace imelala nyuma kwa uzito wa watu na mifuko, mwenyewe anaambiwa "funga hadi mwisho". Atafunga, na itabaki imelala vile vile, ila sasa kila shimo linapiga migongo ya watu. Ile inaomba resori nzima, ao kupunguza mizigo. Hii ya pili hakuna mwenye kupenda kuisikia.

Kusukuma kona ya motokari kwa mukono mu garaji kunaonyesha amortisere yenye kufa: ukiachilia na inaendelea kucheza, imekwisha. Lakini haionyeshi ile nzuri, juu mukono hauwezi kufanya mbio ya mashimo. Kipimo cha kweli ni barabara. Chagua kipande kimoja kibaya, upepo wa mipira uwe ule ule, mizigo ile ile. Fungua hadi mwisho, kisha funga kidogo kidogo huku unahesabu, kushoto na kuume hesabu moja, hadi mwili unapanda, unashuka na unatulia. Simama pale. Usiongeze juu ya kujisikia mwanaume. Rudia na motokari imejaa. Kisha uende mwendo murefu: mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, na yakichanganyika na hewa yanatoa povu, amortisere inalegea. Gazi ya azoti wanayoweka ndani ni kwa kupunguza ile povu. Kama inatuliza vizuri ku mulango wa garaji na inalegea mbele ya kufika Likasi, kilometa 120 hivi, umenunua rangi.

Hatusemi za kurekebisha ni bure. Mwenye pikapu yenye kwenda tupu na kurudi na mizigo, na mwenye kushuka kweli kuzungusha kila mara, zinamufaa. Lakini ni wangapi wanashuka? Mu msimu wa mvua vile vifungo vinajaa matope na vinakwama. Kwa jamaa yenye motokari moja, yenye kupeleka watoto ku masomo na mama ku soko, tunaona heri zisizo na kifungo, za kipimo cha uzito wake, zinunuliwe mbili mbili, na franga zenye kubaki ziende ku resori na silanbloku.

Yenye kutuuma zaidi ni mabasi ya kupeleka watu ku posti. Kampuni zinaangalia mikanda na taa, zinaangalia pumzi ya shofere kama amekunywa. Amortisere hakuna mwenye kuinama kuiangalia. Tunaomba iandikwe mu mapatano na wenye mabasi: kila mwezi mutu aingie chini, aangalie kama mafuta yanavuja, aangalie mipira kama inalika madoa madoa, na basi lijaribiwe likiwa na watu wote ndani, mu ile barabara ya udongo ya kuingia ku mugoti, si mu uwanja wa garaji. Na wajumbe wa sendika wapande siku hiyo, wakae ku kiti cha nyuma kabisa.