Njia ya mabasi kwanza, lawama baadaye

Kila mafuriko yanapotukumba, au ukame unapoangamiza mifugo ya ndugu zetu wa kaskazini, hujitokeza viongozi wakituhimiza tupunguze moshi wa magari. Wosia huo ni mwema. Lakini nauliza: mkazi wa Nairobi akiliacha gari lake nyumbani, apande nini?

Hebu tufanye hesabu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za gesi ya kaboni. Tuseme mtu anatoka Rongai hadi mjini na kurudi, mwendo wa kilomita 40 hivi, na gari lake linatumia lita 4. Peke yake ametoa zaidi ya kilo 9. Matatu ya abiria 33 ikichoma lita 10 za dizeli kwa safari iyo hiyo hutoa kilo 27 hivi, lakini fungu la kila abiria halifiki kilo moja.

Mbona basi watu hung'ang'ania magari? Si kiburi, kama wengine wanavyodhani. Matatu nayo hukwama katika msongamano ule ule. Nauli hupanda mvua inyeshapo, makanga huwatolea akina mama maneno machafu, na abiria aweza kuteremshwa kabla ya kufika aendako. Mwenye uwezo hununua gari, hata kuukuu kutoka Japani, na kila anayenunua humwongezea dhiki yule aliyebaki ndani ya matatu.

Serikali haikukosa mipango, ilikosa kuitimiza. Mnamo 2018 mstari mwekundu ulichorwa kwenye barabara kuu ya Thika kutenga njia ya mabasi. Rangi ilifika, mabasi yaliyoahidiwa hayakufika mwaka huo wala uliofuata. Januari 2019 tukaambiwa magari ya kibinafsi yangezuiwa katikati ya jiji Jumatano na Jumamosi. Amri hiyo iliahirishwa kabla haijaanza, kwani hapakuwa na usafiri mbadala. Kisha 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo humfaa zaidi mwenye gari.

Wenzetu wa Dar es Salaam walianza mwendokasi mwaka wa 2016, kwa barabara ya kilomita 21 hivi iliyotengewa mabasi. Una kasoro zake: mabasi hupungua na abiria husongamana vituoni. Hata hivyo, basi likipatikana, lina njia yake.

Kuna watakaosema kwamba kuwanyang'anya wenye magari njia moja kutazidisha msongamano. Nawajibu kwamba barabara ni ya watu, si ya magurudumu, na wakazi wengi wa jiji hili hupanda matatu au hutembea kwa miguu. Njia inayopitisha mabasi yaliyojaa hubeba watu wengi kuliko ile iliyojaa magari ya mtu mmoja mmoja.

Fedha nazo zina pa kutoka. Ushuru wa kutunza barabara ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta mnamo 2024. Bunge na litenge sehemu yake kisheria kwa njia za mabasi na za waendao kwa miguu. Matatu zilizopo ziruhusiwe kutumia njia hizo, mradi zitii nauli na ratiba. Anayedai kwamba matatu haziwezi kutiishwa akumbuke sheria za marehemu John Michuki za 2004. Na kwa kuwa umeme wetu mwingi hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, mabasi ya umeme yaliyoanza kuonekana jijini yapewe kipaumbele.

Siku mwenye gari atakapokwama msongamanoni huku basi likimpita, hatahitaji kuhubiriwa tena.