*VITI VYA NYUMA VIFUNGULIWE: MSIMAMO WA TAWI*

Ndugu wanachama,

Tangu muhula huu uanze, walinzi wa chuo kikuu cha umma kilichopo kwenye kata yetu wanadai kitambulisho cha mwanafunzi kwenye milango ya kumbi za mihadhara. Wenzetu waliokuwa wakiingia kusikiliza wamefukuzwa. Ni kina nani hao? Wahitimu wa kidato cha sita waliochaguliwa lakini mkopo haukufika. Mafundi. Mama lishe anayewapikia wahadhiri hao hao. Hawakudai mtihani, cheti wala bweni. Walikaa nyuma, wakasikiliza.

*Tunasema wazi: uamuzi huu ni wa kibaguzi na tunaupinga.*

Tunapewa sababu tatu:

1️⃣ *"Hawalipi ada."* Anayelipa ada anapata usajili, mitihani na cheti. Hayo hawayaombi. Ukumbi wenyewe ni wa umma, na kodi anailipa hata anayenunua sabuni ya mche. Mhadhara wa watu 200 haupungui akiingia wa 201.

2️⃣ *"Nafasi hakuna."* Mwanafunzi aliyesajiliwa akae kwanza, hilo hatubishi. Ukumbi ukijaa, msikilizaji atoke. Maabara na semina zibaki za wanafunzi. Lakini kufunga mlango huku viti vya nyuma ni vitupu siyo kulinda nafasi, ni kulinda hadhi.

3️⃣ *"Usalama."* Basi waandikisheni! Kitambulisho cha NIDA kinakubalika benki, kwa nini kikataliwe chuoni?

Hatuombi jambo geni. Jijini Paris, Collège de France, chuo kilichoanza 1530, hutoa mihadhara bure kwa yeyote, bila usajili. Walter Rodney, aliyefundisha Mlimani, alipokuwa Jamaika mwaka 1968 alitoka nje ya chuo akazungumza na watu wa mitaa ya Kingston. Oktoba mwaka huo serikali ya kule ikamzuia kuingia tena nchini. Elimu ikivuka lango la chuo, wanaoshtuka ni wakubwa.

Na wale wenzetu ndani ya chama wanaosema "wakatazame YouTube", tunawauliza: watoto wenu mmewasomesha YouTube?

*HATUA:*
✅ Kila shina liandike majina ya waliozuiwa, yamfikie Katibu kabla ya Alhamisi.
✅ Mkutano wa tawi ni Jumamosi, saa 10 jioni, ofisini. Waliofukuzwa waje waseme wenyewe.
✅ Jumatatu tunapeleka barua kwa uongozi wa chuo, nakala kwa Diwani. Tunataka utaratibu wa wasikilizaji, kwa maandishi.
❌ Mtu asiingie kwa kitambulisho cha mwenzake. Tusiwape sababu ya nne.

Chuo ni cha umma. Umma ni sisi.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi. Wafikishie wanachama wasio na simu._