Mboya Hakumaliza Mang'u

Kila matokeo yakitoka, huku Misikhu utasikia tu: mtoto akiingia Mang'u, maisha yamejipa. Halafu majina yanaanza kutajwa. Mwai Kibaki, rais wa tatu. Kadinali Maurice Otunga, mtu wetu wa Bungoma, Mkenya wa kwanza kuwa kadinali, 1973. Tom Mboya.

Ngoja, Mboya? Wasee, Mboya hakumaliza. Karo ilikosekana nyumbani, akatoka kabla ya mtihani wa mwisho, akaenda kusomea ukaguzi wa afya. Leo tunamhesabu kama matunda ya shule! Na ni yeye huyo aliyesaidia kupanga ndege za kupeleka wanafunzi Marekani, 1959. Kukosa karo alikujua vizuri.

Shule kubwa huchukua watoto ambao tayari wana alama kubwa, so sijui sifa ni ya nani. Lakini waliorudishwa nyumbani na hawakuwa Mboya, nani huwataja?

Kwa hivyo mzee akitaka kuuza ng'ombe wa mwisho juu ya jina la shule, mimi napinga. Sekondari ya juu ni miaka mitatu. Muulize kwanza: mwaka wa pili utauza nini?