Makato ya Mfanyakazi si Mali ya Chuo

Mwajiri anayekata pesa katika mshahara wa mfanyakazi, akaandika kwenye hati ya malipo kwamba zimekwenda kwenye pensheni, Sacco au bima, kisha akazitumia kwa shughuli nyingine, ametenda kosa la jinai. Ndivyo sheria ya Kenya inavyosema, wala haimsamehi mwajiri kwa kuwa ni chuo kikuu cha umma. Hata hivyo, vyuo hivi vimekuwa vikifanya hivyo kwa miaka mingi, Serikali ikitazama, na mabaraza ya vyuo yakipitisha hesabu zinazokiri deni hilo bila kumchukulia mtu hatua. Huu ni uporaji, na lazima ukome.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakina utata. Kinamtaka mwajiri awasilishe makato kwa wakati uliowekwa. Asipofanya hivyo, anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka miwili, au kupewa adhabu zote mbili. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeanika malimbikizo ya makato katika chuo kimoja baada ya kingine, mwaka nenda mwaka rudi. Ushahidi upo tele, umepigwa muhuri na kufikishwa Bungeni.

Ni vyema wananchi waelewe uporaji huu unavyofanyika. Fedha zinapofika chuoni zikiwa pungufu, uongozi huchagua nani alipwe na nani angoje. Mshahara wa mkononi ukikosekana, wahadhiri watagoma wiki hiyo hiyo. Bili ya umeme isipolipwa, stima itakatwa. Lakini pensheni isipowasilishwa, hakuna darasa litakalofungwa kesho. Mwenye pesa hizo huenda akajua siku ya kustaafu. Ndiyo maana makato hurukwa kwanza. Wafanyakazi wamegeuzwa wakopeshaji wa chuo bila kuulizwa, bila riba na bila tarehe ya kulipwa.

Anayeumia si aliyetoa uamuzi huo. Karani aliyechukua mkopo wa Sacco ajenge nyumba hukatwa kila mwezi bila kukosa, huku Sacco ikimwandikia barua kwamba ameshindwa kulipa. Wadhamini wake, ambao ni wafanyakazi wenzake, huanza kuandamwa. Jina lake huingia kwenye rekodi za wasiolipa mikopo, na benki humnyima mkopo mwingine kwa kosa asilotenda. Mhudumu wa maabara hufika hospitalini na mtoto mgonjwa akaambiwa michango yake ya bima haijapokewa. Mhadhiri aliyefundisha miaka 30 huzungushwa ofisi hadi ofisi akifuata kiinua mgongo, kwa kuwa hazina ya pensheni haiwezi kulipa pesa isizoletewa. Katika vyuo kama Egerton na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya (TUK), mambo yalifika hadi wafanyakazi wakawa wanapokea sehemu tu ya mshahara wenyewe.

Serikali Kuu haiwezi kunawa mikono, kwani yenyewe ndiyo imefundisha vyuo kwamba saini haina uzito. Mnamo Septemba 17, 2025, wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma, wakarejea kazini Novemba 5 baada ya siku 49. Dai lao kuu halikuwa nyongeza mpya. Lilikuwa Sh7.9 bilioni zilizosalia katika mkataba wa makubaliano ya pamoja (CBA) wa 2017 hadi 2021, mkataba ambao muda wake ulikuwa umekwisha miaka minne nyuma. Ilibidi wagome ndipo Serikali ikubali kulipa kwa awamu mbili, nusu katika Novemba ile na nusu Julai 2026. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Waligoma zaidi ya mara moja mwaka 2017, wakagoma tena 2018 kwa zaidi ya miezi miwili, kisha wakagoma 2024.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira yanayofaa ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema kwamba masharti ya makubaliano ya pamoja huingia moja kwa moja katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, na makubaliano hayo hutekelezeka yakisajiliwa na mahakama ya kazi. Waziri anayezungumzia pesa hizi kana kwamba ni hisani anapotosha umma. Na mwanafunzi aliyepoteza muhula amlaumu aliyekalia deni kwa miaka minne, asimlaumu mhadhiri aliyechoka kungoja.

Tunajua jibu litakalotolewa: pesa hazipo. Ni kweli kwamba vyuo vina uhaba mkubwa wa fedha, na uhaba huo una historia. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya wanafunzi wanaojilipia karo mwaka 1998, wakuu wa vyuo walizoea mapato hayo. Wakafungua matawi mijini, wakajenga, wakaajiri. Mwaka 2016 udanganyifu katika mtihani wa kumaliza sekondari (KCSE) ulipodhibitiwa, idadi ya waliopata alama ya C+ ya kuingia chuo kikuu ilipungua karibu nusu, na Serikali nayo ikaanza kupeleka wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vya kibinafsi. Mapato yakaporomoka. Mgao wa Serikali kwa kila mwanafunzi, ulioahidiwa kufika asilimia 80 ya gharama ya masomo yake, ukaja pungufu kila mwaka. Mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 nao umeandamwa na malalamiko na kesi.

Yote hayo yanaeleza shida ya vyuo, lakini hayahalalishi kitendo. Si mhadhiri aliyefungua matawi yasiyo na wanafunzi. Si mpishi wa bweni aliyepunguza mgao. Na ikiwa chuo kina wafanyakazi kupita kiasi, kama inavyodaiwa mara nyingi kuhusu wasiofundisha, Sheria ya Ajira inaonyesha njia ya kuwapunguza: wapewe notisi, chama kihusishwe, walipwe haki zao zote. Kumweka mtu kazini, kupokea jasho lake, kisha kukalia pensheni yake si njia inayotambuliwa na sheria yoyote.

Walio chini kabisa ni wahadhiri wa muda. Hao hubeba sehemu kubwa ya mafundisho, husahihisha mitihani na kuwasilisha alama, kisha hungoja malipo kwa mihula, wengine kwa miaka. Hawana pensheni ya kuibiwa kwa sababu hawakuwahi kuwekewa. Chuo kisichoweza kulipa somo lililokwisha kufundishwa hakina haki ya kupanga lingine kwenye ratiba ya muhula ujao.

Msimamo wetu ni huu. Kwanza, Hazina ya Kitaifa na Wizara ya Elimu zichapishe deni la makato la kila chuo, mfuko kwa mfuko, pamoja na ratiba ya kulilipa yenye tarehe, na fedha hizo zitengewe fungu lake katika bajeti ili zisiweze kuhamishiwa matumizi mengine. Pili, kuanzia sasa makato yatumwe moja kwa moja kwa wanaostahili siku ile ile mshahara unapolipwa. Chuo kisichoweza kulipa mshahara na kutuma makato kwa pamoja kiwaeleze wafanyakazi wake kwa maandishi, kisiwape hati ya malipo ya uongo. Tatu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azichukue ripoti za Mkaguzi Mkuu na kuwafikisha kizimbani manaibu chansela na wakuu wa fedha walioidhinisha makato yatumiwe kwingine. Nne, usitiwe saini mkataba mpya na wahadhiri wala wafanyakazi wengine bila fedha zake kuonyeshwa katika bajeti.

Wafanyakazi wa vyuo vyetu wamefundisha, wamefagia kumbi, wamepika, wamelinda malango usiku. Kazi hiyo imefanyika na haiwezi kurudishwa. Deni lake lilipwe lote, na aliyelitafuna ajibu mashtaka kama mwajiri mwingine yeyote.