Kupima Tu?

Mwaka jana mama yangu alinunua giaboksi ambayo gari lake halikuihitaji. Alilipa shilingi 1,300,000 za giaboksi ya mtumba kutoka Japani na 200,000 za kushusha na kupandisha. Pesa yote aliikopa kwenye kikoba. Siku ya tatu, kwenye kilima cha Goba, gari likarudia ugonjwa uleule.

Kila niliyemsimulia alinipa pole, kisha akawatukana mafundi. Wezi, matapeli, hawajasoma. Nami niliwatukana kwa miezi kadhaa. Sasa nimeacha, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya hasara ile tuliileta wenyewe, sisi wateja, na hasa sisi tunaojiita wasomi. Tunakubali kulipia chuma. Tunakubali kulipia jasho. Kazi ya kufikiri tunataka tupewe bure.

Gari lenyewe ni Toyota otomatiki ya mwaka 1996. Ukiweka D, lilikuwa linaondoka kwa uzito kama limebeba lori la mchanga. Injini inanguruma, gari halivuti. Likishapata mwendo, linakwenda vizuri tu. Na kwenye dashibodi, taa ya O/D OFF ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Fundi wa kwanza aliliendesha dakika tano, akaliegesha. "Mama, hii giaboksi imekufa. Tutafute nyingine."

Mama akauliza kama haiwezi kutengenezwa.

"Hizi hazitengenezwi, mama."

Swali lililofuata lilikuwa la bei. Nilikuwa nimesimama pale pale, na sikumuuliza fundi swali moja rahisi: umejuaje?

Mfikirie huyo fundi. Kwenye gereji nyingi za mtaani, kupima hakuna bei. Akitumia saa tatu kufuata waya mpaka aone ulipokatika, kuuunga ni kazi ya dakika kumi, na mteja atataka kulipia dakika kumi. "Si umeunga waya tu?" Akisema giaboksi imekufa, atalipwa kushusha na kupandisha bila ubishi, na muuza spea huenda akamkumbuka. Mtu mwenye watoto wa kulisha atachagua njia ipi? Tumeweka bei kwenye jibu moja tu, halafu tunashangaa kwa nini jibu ni lile lile kila siku.

Baada ya giaboksi ya pili kugoma, jirani alituelekeza kwa mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe. Nilimpelekea gari mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linasumbua nini?"

Nikamweleza. Kabla hajafungua boneti akasema, "Kupima ni 30,000. Nikipata tatizo au nisipopata."

"Kupima tu?" nikauliza.

Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tumetoa 1,500,000 kwa neno la mtu aliyeendesha gari dakika tano, na hapa nikabishana juu ya 30,000. Tukakubaliana 25,000.

Mzee aliliweka gari mahali tambarare, injini ikiunguruma na ikiwa imeshapata moto. Akakanyaga breki, akapitisha gia zote moja moja mpaka L, akarudisha P, ndipo akachomoa kijiti cha oili. Nyekundu. Akainusa. "Klachi za ndani hazijaungua," akasema. Kisha akaniambia niweke L nipande kamwinuko kalikokuwa mbele ya gereji. Gari likapanda bila shida. "Umeona? Gia ya kwanza ipo. Ukiweka D haiitwi."

Akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili kwenye kisanduku kidogo chini ya boneti, TE1 na E1, akaniambia niwashe swichi bila kuwasha injini, nihesabu taa ya O/D OFF. Ikapepesa mara sita, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Sitini na mbili. Mzee akafungua daftari lake. Kitabu cha gari kilikuwa kwenye droo, kwa Kijapani, hivyo miaka yote amekuwa akinakili namba hizi kwa mkono. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule, 62 ni saketi ya solenoidi namba moja.

Solenoidi ni koili ndogo inayopata umeme kutoka kwenye kompyuta ya gari na kufungua au kufunga njia ya oili ndani ya giaboksi. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoita gia. Namba moja ikikosa umeme, ukiweka D gari linaondoka na gia ya tatu. Ule mchanga tuliokuwa tumeubeba ndio huo. Na ile taa ilikuwa ikitueleza tangu siku ya kwanza.

Kama mzee angekuwa na haraka, angeniambia ninunue solenoidi. Hakufanya hivyo. Alichomoa soketi pale kwenye giaboksi, akaweka mita ya umeme: omu 13. Nzima huwa kati ya 11 na 15. Akahamia upande wa kompyuta, akapima waya uleule. Mita haikusoma kitu. Kwa hiyo solenoidi ilikuwa nzima na njia ndiyo iliyokatika. Baada ya saa mbili aliona mahali penyewe, chini ya kitako cha betri, ambapo waya ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ukalika. "Walipotoa betri ili washushe giaboksi, waya ukasogea ukagusana. Ndiyo maana mkapata siku tatu." Akaunga kwa risasi, akazungushia tepu. Vifaa: 2,000.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Muhula mzima tulifundishwa kuandika tamko la tatizo, na msimamizi wangu alinirudishia rasimu mara nne kwa sababu nilikuwa naandika suluhisho kabla ya kuonyesha tatizo. Kwa kazi hiyo nalipa ada, wala sioni ajabu. Yule mzee alifanya kazi hiyohiyo mbele yangu, akitenga sababu moja baada ya nyingine, kila hatua na ushahidi wake. Nami nikampunguzia 5,000.

Najua nitakavyojibiwa. Kuna giaboksi zilizokufa kweli. Zipo: oili nyeusi inayonuka kuungua, chembe za chuma kwenye beseni la oili. Kwa hizo, kununua nyingine huenda kukawa nafuu kuliko kuifungua. Sipingi kubadilisha. Napinga kubadilisha kabla ya kupima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi tunajenga ukuta kabla ya kuutafuta ufa.

Wengine watasema hata anayepima anaweza kukudanganya. Anaweza. Lakini kipimo huonekana. Taa niliihesabu mwenyewe, namba ya mita niliisoma mwenyewe. Neno "imekufa" huwezi kulihesabu.

Na wapo watakaosema 25,000 ni pesa nyingi kwa kitu ambacho hakijatengenezwa. Ni pesa, kweli. Ila asiye na pesa ndiye asiyeweza kabisa kununua giaboksi ya kubahatisha. Kupima ni ulinzi wa maskini kabla ya kuwa starehe ya tajiri.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mambo matatu. Ukifika gereji, uliza kwanza bei ya kupima peke yake, na uilipe hata kama tatizo halijapatikana. Uliza umejuaje, kwa adabu, mbele ya gari, na utake kuonyeshwa. Na fundi akikuambia "sijui bado, nipe muda," mpe huo muda na ulipie. Tukiendelea kumdharau anayekiri kwamba bado hajui, tutabaki na wale wanaojua kila kitu kwa dakika tano.

Mama bado anarejesha mkopo wa kikoba. Giaboksi yetu ya kwanza, ile nzima, tuliiacha kwa fundi wa kwanza siku ile. Alisema ataitupa, na tukamshukuru.