Manda isigeuzwe Santorini

Wanaotaka Manda, huku Ludewa, ijengewe hoteli kubwa haraka wanasahau yaliyowapata waliotangulia. Santorini, kisiwa cha Ugiriki kilichosifiwa kwa uzuri wake, kilifurika watu kiasi kwamba tangu Julai 2025 abiria wa meli za kitalii hutozwa hadi euro 20 kila mmoja msimu ukipamba moto. Manda bado ina kile ambacho wengine wanakitafuta kwa tochi: Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone, Mto Ruhuhu unapoingia ziwani, mitumbwi, usipa walioanikwa juani.

Watasema utulivu haujazi sufuria. Kweli, mwenye njaa hali mandhari. Lakini faida ya hoteli ya ghorofa mara nyingi huondoka na mwenye mtaji, ilhali nyumba ndogo za wageni, mama lishe na wenye mitumbwi huibakiza kijijini. Barabara na usafiri wa meli viboreshwe, kwanza kwa ajili ya mgonjwa na mchuuzi wa samaki. Mgeni apande humo humo. Na halmashauri itenge ufukwe wa wavuvi sasa, kabla viwanja havijapimwa na kuuzwa.