Jua Lina Mashahidi Wake

Anayezua jambo kuhusu jua hutegemea kwamba hakuna wa kumhakiki. Anakosea. Tangu 1610, darubini zilipoanza kuelekezwa huko, jua limekuwa likiangaliwa, likichorwa na kupimwa, na kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote. Yapo madai yanayozunguka barazani na kwenye simu zetu ambayo kumbukumbu hizo zinayajibu moja kwa moja.

Linaloniuma zaidi ni hili: kwamba dunia inapata joto kwa sababu jua limezidi ukali, na moshi wa viwanda na magari unasingiziwa tu. Dai hili lina chembe ya ukweli, na ni haki kuitaja. Ukali wa jua hupanda na kushuka kila baada ya miaka 11 hivi, na kati ya 1645 na 1715, madoa yake yalipokaribia kutoweka kabisa, Ulaya ilikuwa na baridi kali. Lakini jua hubadilika kwa kiasi gani? Satelaiti zinapima mwanga wake nje ya angahewa tangu 1978. Kila mita ya mraba inayolielekea hupokea wati 1,361 hivi, na tofauti kati ya kipindi cha kilele na kipindi cha utulivu ni takriban sehemu moja kwa elfu. Nguvu hiyo ya ziada ukiitandaza juu ya dunia nzima, upande wa mchana na wa usiku, kisha ukatoa ile inayorudishwa angani na mawingu na barafu, haifiki hata robo ya wati kwa mita ya mraba. Hewa ya ukaa tuliyoiongeza tangu zama za viwanda huzuia zaidi ya wati mbili, na hiyo haina msimu wa kupungua.

Tazama pia miaka yenyewe. Mzunguko ambao wanafalaki huuita wa 24, ulioanza mwishoni mwa 2008 na kwisha 2019, ulikuwa dhaifu kuliko yote kwa takriban karne moja. Jua lilikuwa limelegea, lakini miaka ya 2015 hadi 2019 ikawa ndiyo mitano yenye joto zaidi kuwahi kupimwa hadi wakati huo. Isitoshe, kama jua ndilo lingekuwa chanzo, tabaka za angahewa za chini na za juu zote zingepata joto. Vipimo vinaonyesha kwamba tabaka la chini linapata joto huku lile lililo juu yake, stratosfia, likipoa, na hivyo ndivyo inavyotarajiwa hewa ya ukaa inapoongezeka.

Wapo wengine, tena wasomi, wanaosema kwamba kuhesabu madoa ya jua kwa jicho na kalamu ni kazi ya kizamani, maana satelaiti zipo. Hawa ningependa wamfikirie Samuel Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau huko Ujerumani. Mwaka 1826 alianza kuliangalia jua kila siku lisilo na mawingu, akitafuta sayari aliyodhani imejificha karibu nalo. Sayari hiyo haipo. Alichokipata, baada ya miaka 17 ya kuandika bila kukata tamaa, ni kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa mpangilio. Rudolf Wolf, kule Uswisi, akaiendeleza kazi hiyo kwa hesabu rahisi: idadi ya makundi ya madoa mara kumi, jumlisha idadi ya madoa yenyewe. Tangu 1981 hesabu hiyo inaunganishwa Brussels, kutoka kwa waangalizi wa nchi nyingi, wengi wao watu wa kujitolea wenye darubini ndogo. Udogo huo una sababu. Ukitaka kulinganisha jua la leo na la 1850, huna budi kuliangalia kwa chombo kinachokaribiana na kile cha wakati ule.

Mwaka 2015 wataalamu walimaliza kuipitia upya orodha nzima, wakasahihisha mahali ambapo namna ya kuhesabu ilikuwa imebadilika kutoka kituo kimoja au mtu mmoja hadi mwingine. Baada ya masahihisho, ule mwelekeo wa jua kuzidi kuchangamka tangu karne ya 18, uliokuwa ukitajwa sana na wenye dai la kwanza, ukatoweka. Hakuna satelaiti ambayo ingeweza kutuambia hivyo, kwa sababu hakuna iliyokuwapo wakati huo.

Kuhusu ujumbe unaorudi kila mara, ule wa kuzima simu kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu usiku kwa sababu miale ya angani itapita karibu na dunia: miale hiyo hupita mchana na usiku, na imekuwa hivyo siku zote. Usawa wa bahari, karibu chembe moja hupenya kila sentimita ya mraba kwa dakika. Simu haiivuti wala haiizuii. Usiusambaze.

Dai la kwamba dhoruba za jua ni shida ya watu wa kaskazini tu linahitaji jibu refu kidogo. Ni kweli kwamba dhoruba ya Machi 1989 ilikata umeme Quebec, Kanada, kwa saa tisa, na watu milioni sita wakakaa gizani. Sisi hatuzioni zile taa za rangi angani, na gridi zetu haziko katika hatari ile. Lakini ikweta ya sumaku ya dunia inapita Ethiopia, na katika ukanda huu anga la juu lenye chaji za umeme huvurugika baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba, na zaidi miaka ambayo jua limechangamka. Mawimbi ya satelaiti yanayoelekeza ndege na vifaa vya wapima ardhi hupita humohumo, na hutetereka. Kwa hiyo suala hili ni letu kabisa, na vyombo vya kulichunguza katika ardhi yetu bado ni vichache mno.

Mwisho ni kupatwa kwa jua. Wengi huambiwa kwamba siku hiyo jua hutoa miale yenye sumu, wajawazito wafungiwe ndani. Jua halibadiliki hata kidogo. Mwezi tu umepita mbele yake. Hatari ni ya macho, kwa kuwa siku hiyo watu hulikodolea, na retina huungua bila kuhisi maumivu. Picha ya eksirei haikingi, wala beseni la maji. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa Luxor na Makka, na huku kwetu Afrika Mashariki litapatwa kwa sehemu. Toboa tundu dogo kwenye kadi, lipe jua mgongo, na uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Watoto wataliona umbo lake likimegeka pale kwenye karatasi, na akina mama wajawazito wakae nao.